Kujaribu Hema za Baba

Nilikuwa kidato cha pili wenzangu wa mtaa wa Jamhuri waliponiambia nibaki mjini likizo ya Aprili, nami nikakubali. Ningeweza kuwakataa. Nimepata miaka mingi ya kutafuta mtu mwingine wa kumlaumu, na sijampata.

Jambo hili lilinirudia juzi, mjukuu wangu alipotoka kupiga kambi Ziwa Nakuru na hema iliyochanika. Akaibwaga sebuleni kwangu. "Babu, si baba yako alikuwa fundi wa hema? Nishonee basi." Nikamwambia sijui kushona. Akacheka, akidhani namtania.

Baba alifanya kazi Parklands, kwenye karakana ya Mhindi mmoja aliyekodisha hema kwa wasafirishaji wa watalii. Aprili watalii walikuwa wachache na mvua nyingi, kwa hiyo ndipo hema zilizotiwa viraka zilipojaribiwa. Tajiri alimpa baba pikapu na ruhusa ya kubeba jamaa yake, maana hema haisemwi imepona mpaka watu walale ndani yake mvua ikinyesha. Watu hao walikuwa mama, dada yangu mdogo na mimi. Wewe uliyekulia Nairobi miaka ile unajua ni watoto wangapi wa fundi waliowahi kuingia mbuga ya wanyama. Sisi tuliingia kila mwaka.

Tulishuka Bonde la Ufa hadi Nakuru, flamingo wakiwa wamebanana ukingoni mpaka maji hayaonekani. Kisha tulipanda Aberdare kwenye baridi na mbega wenye mikia myeupe, halafu tukazunguka mlima hadi Meru, ambako udongo mwekundu uliganda kwenye viatu kama unga wa ugali. Mama alipika samaki mkavu juu ya kuni mbichi, na chai ilinuka moshi. Hata leo nikinusa turubai lililoloa, njaa inaniuma.

Mvua ya alasiri ikianza, kila mtu alikuwa na pembe yake. Tulilala chali, kimya. Aliyedondokewa alisema, "Hapa," na mama akatia alama ya chaki. Mvua ikikatika, baba alipaka uzi nta, akaanza kushona. Safari yangu ya saba aliniachia viraka viwili. Alivivuta kwa mikono yote miwili, vikashika. "Mwaka ujao nitakupa paa la hema," akasema. Paa hakuwahi kumwachia mtu.

Lakini pale mtaani, wenzangu walikuwa wakituona tukipakia magodoro na masufuria. "Landilodi amewafukuza tena?" waliuliza, na mtaa mzima ukacheka. Mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha pili, mmoja wao akasema nikiwa mwanamume nitabaki tucheze mpira. Nikamwambia baba nina masomo ya ziada. Alinitazama, akaniachia hela ya mkate, akanikabidhi kwa jirani.

Mpira wenyewe hatukuucheza; mvua ilinyesha wiki nzima. Waliporudi, dada alikuwa amefunga kidole gumba kitambaa. Sindano ilikuwa imemchoma akishona paa. Alinionyesha kidonda kwa fahari, kisha akaona uso wangu akaficha mkono. Jirani naye alikuwa amekwisha kumwambia baba kwamba hakukuwa na masomo yoyote. Nilingoja kofi. Baba alikaa chini akavua viatu vyake vyenye matope.

"Ungeniambia tu unaona haya," alisema. "Nisingekulazimisha."

Nilitaka kusema si haya. Ilikuwa haya.

Kila Aprili baadaye pikapu ilikuja, nami nilisimama mlangoni nikingoja aniite. Hakuniita, na mimi sikuomba. Sasa karakana imekuwa maegesho ya magari, wazazi wameondoka, na dada, aliyeshona kando ya baba mpaka alipostaafu, macho yake hayaoni tena tundu la sindano.

Hata hivyo nashukuru. Nilipewa safari saba ambazo wana wa matajiri hawakuzipata, na mzazi ambaye hakunipiga siku niliyostahili kupigwa. Baba alifanya kazi miaka kumi na mmoja zaidi. Sikulala tena chini ya hema moja naye, wala hakunifundisha tena kitu chochote.