Zamu ya Kerubo

Kuna Ijumaa moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Na harusi yangu ilikuwa kubwa, usicheke. Watu walikula mpaka wakaomba viti vyenye mgongo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naishi na nyanya yangu kwenye kilima hiki juu ya Nyakoe. Tulimwita magokoro, kama Wagusii wote wanavyowaita nyanya zao. Siku zile nilikuwa nimeshikwa na muziki wa kompyuta, ule wa kuchezwa disko, usiohitaji gitaa wala ngoma ya ngozi. Unachukua mdundo mfupi, unaurudia, unapanga mwingine juu yake, mpaka watu wanainuka wenyewe. Tuliokuwa tukijifunza tulikuwa watatu. Ochieng', kijana wa kutoka kule ziwani aliyekuwa akiuza misumari na mabati mjini Kisii, ndiye aliyekuwa na kompyuta. Kerubo, binti wa mzee wa kanisa la Wasabato, alikuwa na sauti. Mimi nilipewa besi, ule mngurumo wa chini unaokugonga tumboni. Mwalimu hatukuwa naye. Tulibonyeza, tukakosea, tukabonyeza tena, katika chumba kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusagia mahindi pale Nyakoe. Mashine ikiwashwa tulinyamaza wote, maana ukirekodi wakati huo wimbo mzima unajaa unga.

Kompyuta moja, watu watatu. Tungegombana, lakini mimi nilileta utaratibu, na niliutoa kwa magokoro. Alikuwa kwenye egesangio, kile kikundi cha wanawake wanaopaliliana mashamba kwa zamu: leo wote kwako, kesho wote kwangu. Nikasema na sisi tufanye hivyo hivyo. Wimbo wa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na wote watatu wanaufanyia kazi kama wao mpaka uishe. Tukapiga kura, zamu ya kwanza ikaniangukia mimi.

Wee! Wimbo wangu ulitoka vizuri. Ulichezwa kwenye harusi moja huko Magwagwa, nikaona kwa macho yangu akina mama watu wazima wakiacha sahani za wali na kuingia uwanjani. Basi kichwa kikanivimba. Mtu akinisalimia, naitikia kwa mbali.

Ikafika zamu ya Kerubo. Baba yake hakutaka kabisa kusikia habari za chumba chetu. Alimwambia, "Jumapili saa kumi nitakuja mwenyewe. Nikisikia kitu cha maana, utaendelea. Nikisikia kelele, utarudi nyumbani kuchuna chai, na hayo mambo ya mashine yaishe." Mzee yule hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Kerubo alitueleza yote, nami nikamwambia asijali, niko.

Jumatano sikwenda. Alhamisi sikwenda. Nilituma habari kwamba nachuna chai, kumbe nilikuwa nazunguka sokoni Mosocho nikitafuta harusi nyingine ya kuchezewa wimbo wangu. Sikuwa na sababu yoyote, mwanangu. Nilikuwa nimeshapata changu, basi.

Ijumaa saa saba mchana magokoro akanikuta uani napaka kucha rangi.

"Nyaboke, huko kwenu ni zamu ya nani?"

"Ya Kerubo."

"Imeisha?"

"Bado. Watamaliza tu, si wako wawili?"

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Aliingia ndani, akafunga kitambaa kichwani, akavaa raba zake za shambani na kuchukua fimbo.

"Unaenda wapi, magokoro?"

"Naenda huko Nyakoe. Kwenye egesangio mtu akishindwa kufika, nyumba yake inatuma mwingine. Nyumba hii haijawahi kukosa kwenye shamba la mtu. Nilikwenda nikiwa na mimba ya mama yako, nilikwenda nikiwa na homa. Haitakosa leo kwa sababu ya kucha."

Nikadhani ananitania, ati mama wa miaka sabini na kitu aende kutengeneza disko! Nikapaka kidole kilichobaki. Nilipoinua macho, ameshavuka barabara. Ndipo nikakimbia.

Nilipofika mlangoni nilimkuta ameketi kwenye kigoda changu. Ochieng', aliyekuwa akimwita dani kama wanavyoita nyanya kwao, alikuwa akimvisha spika za masikioni juu ya kitambaa. Magokoro alikuwa amewaambia, "Nimetumwa na nyumba ya Nyaboke. Nipeni kazi." Besi hakuiweza, kwa hiyo walimpa kazi ya kupiga makofi ya wimbo. Ochieng' akahesabu, magokoro akapiga. Sisi vijana tulikuwa tumeyajaribu makofi yale tukawa tunayumba tu, mmoja mbele, mwingine nyuma. Yeye alipiga wimbo mzima bila kuteleza hata mara moja. Alikuwa amepalilia na wenzake tangu usichana, jembe lake na la jirani yakishuka pamoja, akajua kumngoja mwenzake na kutomtangulia.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Macho ya Kerubo yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Kerubo, nisamehe," nikasema. "Nilikudanganya. Sikuwa kwenye chai."

Aliangalia dirishani, aone jua limefika wapi. Yeye ni Msabato, na jua la Ijumaa likitua hafanyi kazi yoyote mpaka kesho yake jioni.

"Nilijua," akasema. Kisha akasogea kwenye benchi. "Keti. Besi bado."

Tukafanya kazi kama watu wanaokimbiza mvua. Jua lilipotua, besi ilikuwa imefika nusu, Kerubo akaizima kompyuta bila kusitasita. Jumapili nilihudhuria misa ya kwanza, nikashuka mbio bila hata kunywa chai, na saa nane wimbo ukawa umekamilika.

Baba yake alifika saa kumi kamili. Aliketi na kofia yake juu ya goti, akasikiliza mpaka mwisho. Uso haukumwambia mtu chochote. Halafu akauliza, "Nani anapiga hayo makofi?"

"Ni magokoro wa Nyaboke," Kerubo akajibu. "Alikuja kunisaidia."

Mzee akaigeuza kofia gotini. "Yule mama alipalilia shamba la mama yangu, mwaka ule mama alipovunjika mguu," akasema. "Hebu rudieni."

Tukarudia. Akavaa kofia, akasimama. "Endelea. Lakini jua la Ijumaa likitua, nikuone nyumbani." Kerubo alilia, mwanangu, na mimi nikalia kumshinda.

Leo Kerubo anakula kwa kazi hiyo, na amewafundisha wasichana wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Magokoro alishatutoka. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa Ochieng' aliyempokea kwa heshima bila kucheka. Zaidi namshukuru kwa Kerubo, aliyekuwa na kila haki ya kunifungia mlango lakini akanisogezea benchi. Kama baba yake angesikia kelele Jumapili ile, ningekuwa mimi niliyemzima sauti, na ningeishi nayo.

Kwa hiyo wewe na wenzako mnaojifunza sasa, sikieni. Siku ya kazi yako mwenyewe kila mtu huwahi, hiyo haihitaji nasaha. Siku ya kuangalia ni ile inayofuata, yako ikiwa imekwisha na watu wameshakupigia makofi. Nenda siku hiyo. Nenda mapema, na uifanyie kazi ya mwenzako kama ulivyotaka yako ifanyiwe. Ukishindwa kweli, sema ukweli, na umtafute wa kushika nafasi yako. Na ukiwa umeshakosa, usijifiche kwa aibu. Rudi, sema ulichofanya, ukae ufanye kazi.

Mungu akupe watu wa kuja siku ya zamu yako, mwanangu. Na siku ya zamu yao ikifika, akupe miguu ya kwenda.