Blanketi Chini ya Boneti

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaani kwetu Mshangano. Ni mimi niliyempeleka marehemu, mzee jirani yetu, kuzikwa kwao Namtumbo, kwa ile pikapu yangu ya mtumba wa Japani ninayoringia mtaa mzima.

Milimani huwa inakosa nguvu. Bomba la kuvuta hewa limepita karibu mno na injini, hewa inaingia ya moto. Kabla ya kuondoka nikaona kwenye kiti blanketi kuukuu, limetoboka. Nikalilowesha, nikalizungushia bomba, nikalikaza kwa mpira.

Gari ikapanda bila kukohoa. Kufika msibani wanaume wakaisifu, nami nikasahau kilichotuleta. Nikafungua boneti.

"Injini nayo inataka hewa ya baridi," nikawafundisha.

Mjane akatoka ndani, macho yamevimba. "Mwanangu, lile blanketi nililoweka kwenye kiti liko wapi? Mzee aliomba azikwe nalo."

 Wale wanaume wote walikuwa wameinamia injini, wakiliangalia, limejaa oili, linafuka mvuke.