Nilivyobuni asili ya neno "jambia", na msichana wa Kitale akaacha shule

Wakuu, habari zenu popote mlipo. Hili jambo nimekaa nalo miaka mingi, na leo naliandika lilivyotokea, hata pale linaponiaibisha. Majina nimebadilisha, mengine yote yalikuwa hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa Matulo, Bungoma.

Nilikuwa kijana, shati limepigwa pasi, mdomo mwepesi. Wanafunzi walinipenda. Na mimi nilipenda kupendwa.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: sikuweza kusema "sijui" mbele ya darasa.

Siku moja tuko Form Two, tunasoma ufahamu. Habari ya bwana harusi aliyevaa kanzu na kufunga jambia kiunoni. Msichana wa mbele akauliza, "Mwalimu, jambia ni nini?"

Hilo nililijua. Nikawaambia ni kisu kipana kilichopinda, kina makali pande mbili.

"Na hilo neno limetoka wapi?"

Hapo sasa. Nikatazama ubao kidogo, nikasema, "Jambia, jambazi. Hamsikii yanavyofanana? Ni kisu cha jambazi, ndiyo maana likaitwa hivyo."

Darasa zima likainama kuandika.

Mkono ukainuka nyuma. Alikuwa Rukia, mtoto wa Kitale, kwao ni karibu na msikiti wa mjini. Msichana mtulivu, insha zake nilikuwa nasomea wenzake. Akasema, "Mwalimu, hiyo kitu hata nyumbani tuko nayo. Ni ya babu."

Halafu mmoja akasema, "Kumbe kwenu ni majambazi!"

Darasa likacheka. Wakuu, na mimi nikacheka. Si sana, lakini nilicheka, na Rukia aliniona.

Nikaendelea na kipindi. Kufikia jioni nilikuwa nimesahau.

Yeye hakupewa nafasi ya kusahau. Jina lilimfuata mpaka bwenini: Binti Jambazi. Sabuni ya mtu ikipotea, sanduku la Rukia ndilo linafunguliwa kwanza. Sweta ikikosekana kwenye kamba, "ulizeni Jambazi." Hawakuwahi kupata kitu, lakini kila mara walianzia kwake.

Haya yote sikuyajua. Ama niseme ukweli, sikuuliza.

Tukafunga hafutemu, mapumziko ya katikati ya muhula. Shule ikarudi, Rukia hakurudi. Wiki ya kwanza tukasema ni mgonjwa. Wiki ya pili nikamwita jirani yake wa dawati, Nekesa, nikamuuliza kama anajua kitu.

Akaangalia viatu vyake. "Mwalimu, alisema hawezi kurudi mahali anaitwa mwizi."

"Nani alimwita mwizi?"

"Wote." Halafu akasema polepole, "Lakini si ni wewe ulianza?"

Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Jumamosi nikaenda Kitale. Nikauliza njia karibu na msikiti, nikaelekezwa kwa baba yake, Mzee Abdalla, fundi wa nguo, anashona barazani kwake. Nikasalimia, nikajitambulisha kuwa ni mwalimu wa Rukia.

Akasimamisha cherehani. "Wewe ndiye mwalimu wa jambia?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Nilitarajia kelele. Hakupiga kelele. Aliniletea kiti, akaagiza chai, akaingia ndani. Akarudi na kitu kimefungwa kwa kitambaa cheupe, akakiweka magotini na kukifungua.

Jambia lenyewe. Mpini wa pembe umelainika kwa kushikwa, ala imepinda mbele kama ndoana, mshipi wake wa ngozi umepasuka pasuka.

"Hii ilikuja na babu yangu kutoka Yemeni," akasema. "Aliivaa siku ya harusi yake, baba akaivaa ya kwake, na mimi pia. Shika uone makali."

Nikapitisha kidole. Butu kabisa, mwiko wa ugali ungekata zaidi.

"Haijawahi kukata hata kitunguu, mwalimu. Na neno lenyewe ni la Kiarabu. Janbu ni ubavu. Ni kitu cha mtu kujifunga kiunoni, aonekane ni mtu mzima mwenye heshima. Sasa ujambazi umetoka wapi hapo?"

Nikamrudishia jambia lake.

"Na mama yangu ni Mbukusu wa Kimilili, huko huko Bungoma," akaongeza. "Nilimpeleka mtoto shule ya huko nikijua nampeleka kwa bibi yake."

Wakuu, hayo maneno ndiyo yaliniuma kuliko yote. Nikaomba msamaha. Akasema msamaha si wake kutoa, mwenyewe yuko ndani.

Rukia akaitwa. Akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Nikamwambia nilikosea, nilibuni, nimekuja kumwomba arudi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Mwalimu, umekuja kuniambia mimi tu, ama wao pia utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Basi uwaambie kwanza. Nekesa akinitumia barua kwamba umesema, nitarudi."

Mtoto wa Form Two ndiye alinipa masharti, na yalikuwa ya haki.

Jumapili nikapita kwa mwalimu wangu wa zamani wa chuo, anaishi Bungoma mjini. Nikamuuliza kuhusu "jambazi". Akaniambia hilo ni la Kiajemi. Jan ni uhai, baz ni mwenye kucheza. Mtu anayecheza na uhai wake. Maneno mawili kutoka lugha mbili tofauti, undugu wao ni wa sauti tu. Alinieleza haya kwa dakika tano. Ningezitafuta dakika hizo tano mapema, haya yote yasingetokea.

Jumatatu nikamwambia mwalimu mkuu nataka kusema na shule nzima kwenye paredi. Hakupenda. "Mwalimu, ukijikosoa mbele yao watakudharau, bana." Nikamwambia mmoja ameshaacha shule, bora nidharauliwe. Akafikiria, akakubali.

Nikasimama mbele. Nikaeleza jambia ni nini, limetoka wapi, na jambazi limetoka wapi. Nikasema kwamba niliyowaambia Form Two niliyatoa kichwani, na kwamba mwenzao ameumizwa na uongo wa mwalimu.

Sauti ikatoka katikati ya mistari. "Kwa hivyo mwalimu ulibuni tu?"

"Ndiyo. Nilibuni."

Hakuna aliyecheka. Nafikiri afadhali wangecheka.

Nekesa aliandika barua siku hiyo hiyo. Ijumaa Rukia akaletwa na baba yake. Wasichana wawili wa bweni lake walimpokea sanduku langoni, mmoja wao akiwa yule aliyesema "kwenu ni majambazi". Alikuwa analia, Rukia hakuwa analia.

Sitawadanganya kwamba yote yaliisha. Muhula ule wote alinijibu maswali ya darasani na si zaidi. Hakunisalimia nje. Sikumlaumu. Alimaliza Form Four vizuri, na siku ya kuondoka alikuja ofisini akanipa mkono, akasema, "Asante mwalimu." Mpaka leo sijui alinishukuru kwa lipi.

Nilichojifunza: neno likisemwa na mtu anayeaminiwa, halikai daftarini tu. Linaenda kulala bwenini na watoto. Tangu siku hiyo nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, tutafute pamoja. Na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunidharau kwa hilo.

Haya, uwanja ni wenu. Nani alishawahi kuumizwa na neno la mwalimu, au wewe mwalimu, ulishawahi kuumiza? Na kuna mtu humu anajua kwa uhakika "sime" limetoka wapi? Nimelitafuta miaka yote hii, bado sijui.