Nilijifungia Nje ya Kompyuta ya Kanisa, Nikaitwa Muujiza

Wapendwa, makosa ni yangu. Sitasingizia shetani wala network.

Mimi ni dada fundi wa kompyuta hapa Kericho. Binamu yangu alikuwa anaolewa Litein, akataka nimsimamie. Nikaonyeshwa gauni: rangi ya machungwa, mabega yamefura kama maandazi! Weh! Nikampigia shangazi simu, nikakohoa vizuri, nikasema siwezi hata kuinuka.

"Pole mami," shangazi akasema. "Na ile video ya moja kwa moja ya watu wetu wa Amerika?"

"Nitaiwasha nikiwa kitandani."

Huo haukuwa uongo. Kompyuta ya kanisa la Litein inatumia mfumo wa Linux, na mimi huingia humo kwa mtandao kutoka huku kwangu. Asubuhi ya harusi nikaona watu nisiowajua wanajaribu kuingia pia. Nikaamua kuwasha firewall, ule ukuta wa kuzuia wageni. Nikaamuru izuie kila anayeingia kutoka nje. Ikanionya kwamba hata mimi naweza kukatika, niendelee? Nikabonyeza "y" kwa madharau.

Skrini ikaganda, na video sijaiwasha!

Jamani, anayeingia kutoka nje si ni mimi pia! Nilisahau kuruhusu ssh, mlango wangu mwenyewe!

Shangazi akapiga. "Amerika wanaona giza tu! Bibi harusi analia, mekapu yote imeshuka!"

Nikajaribu kumwelekeza mpiga kinanda kwa simu. Akazima spika.

Basi nikapanda pikipiki, mvua yote ikaishia kwangu. Nikaingia kanisani nimejaa matope, kwaya nzima ikageuka.

"Si huyu ako mahututi?" mtu akauliza.

Nikakimbilia kibodi, nikaandika *sudo ufw allow ssh*, amri ya kufungua ule mlango wangu, nikawasha video. Kabla sijatoroka, pasta akashika maiki: "Mgonjwa ameinuka! Njoo utoe ushuhuda!"

Na mimi, aki, nikautoa! Mbele ya kamera niliyoiwasha mwenyewe! Nikalia hadi machozi yakatoka. Shangazi naye akalia, kisha akanivalisha lile gauni.

Sasa watu wananiletea wagonjwa. Juzi mama mmoja wa Mogogosiek aliniita nimwombee ng'ombe wake aliyekataa kula. Nikaomba kwa aibu. Ng'ombe akala! Nitaanzia wapi kusema ukweli?

Ndugu zangu, kama mashine iko mbali, ruhusu ssh kwanza ndio uwashe firewall. Na ukisema wewe ni mgonjwa, tafadhali, kaa mgonjwa!