Keki Chini, Miruko Juu

Mchana alikuwa dobi, jioni kocha, na katika kazi zote mbili alisifika kwa mdomo. Watoto aliowafundisha soka walikuwa na mbio na chenga, ila mpira ukija wa juu walibaki kama wameshonewa ardhini. Basi akawaanzishia mazoezi ya kuruka: unashuka kutoka juu ya boksi la mbao, unagusa chini, na papo hapo unaruka tena kama mpira uliojaa upepo.

Mvua ilipogeuza uwanja kuwa bwawa, alimwomba dada yake chumba cha juu. Sakafu yake ilikuwa ya mbao, na chini yake ndiko dada alikookea keki za biashara.

Siku ya kwanza tu, keki ya mteja ikazama katikati. Dada akapanda ngazi, unga hadi kwenye nyusi.

"Hawa ni wachezaji au magunia?"

"Dada, haya ni mazoezi ya kisasa."

"Ya kisasa ndiyo yanabomoa nyumba? Keki nyingine ikizama, utaenda kuruka nao hukohuko bwawani, wewe na vyura."

Mashindano yalikuwa yamekaribia, na pengine pa kufanyia mazoezi hapakuwepo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba dada alikuwa na haki. Mtoto anayetua kwa kishindo anaumiza magoti, na ile nguvu ya kuruka tena inaishia sakafuni. Yeye kwa pupa yake alikuwa amefundisha kuruka, kutua akakusahau.

Akayaweka kando maboksi marefu, akaanza upya na kibao kifupi.

"Tangulizeni vidole! Kunjeni magoti, yasigongane! Tueni kama mtu aliyeingia jikoni kudokoa nyama."

"Mimi nikidokoa huwa nakamatwa, Kocha," alisema kipa, msichana mwenye mwili aliyeitwa Trekta.

"Ndiyo maana unafanya mazoezi, mwanangu."

Ikafika siku dada anaoka keki ya harusi. Alitaka kuwafungia mlango, kaka mtu akambembeleza.

"Na ikizama?"

"Nifukuze, dada. Sitafungua mdomo."

"Hilo la mdomo ningependa kuliona."

Watoto wakaanza. Wakashuka, wakagusa, wakaruka, mmoja baada ya mwingine. Hata Trekta alitua kama paka. Baada ya muda sauti ikapanda kutoka jikoni: "Mbona kimya? Mmeshaondoka?"

"Tunaruka, dada!"

Furaha ikampanda Kocha kichwani. "Sasa mtazameni mwenye fani yake!" akasema, akapanda boksi refu kuliko yote.

Kishindo chake kilimtoa kinyozi wa jirani nje, wembe mkononi.

Dada akatokea mlangoni, mikono kiunoni. Akawatazama watoto waliosimama wima, akamtazama kaka yake aliyekaa sakafuni akishika kiuno.

"Nani?"

Watoto wote wakanyoosha vidole. Trekta alitumia mikono miwili.

"Watoto wanabaki," dada akatamka. "Wewe, teremka."

Akateremka. Tangu jioni ile timu inafundishwa kutoka ngazi ya chini kabisa, na mwalimu amepakata bakuli la mayai ya keki ya kufidia ile ya harusi aliyoizamisha.

"Magoti, Trekta!" anapaza sauti.

"Piga mayai, Kocha!" dada anamjibu.