Mjomba aliyemfukuza mama shambani ananiomba niandike historia ya ukoo

Admin, ficha jina langu na la ukoo wetu, mengine yaache kama nilivyoyaandika. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mjane, naishi Bigwa, Morogoro mjini. Nilikuwa mwandishi wa habari mpaka nilipostaafu. Sitafuti kuonewa huruma.

Sisi ni Waluguru wa Matombo. Kwa asiyejua, kwetu ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Mama yangu alilima shamba alilorithi kwa bibi yangu Veronika: migomba, pilipili manga na michungwa michache. Msimamizi wa ardhi ya ukoo alikuwa mjomba. Hakuzaliwa tumbo moja na mama. Mama yake, Bibi Agata, alilelewa nyumba moja na bibi yangu kama dada yake, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Miaka ya tisini mwanzoni, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walianza kupanda mlimani na magari yao kufuata viungo. Shamba ambalo hakuna aliyekuwa na habari nalo likaanza kutamaniwa. Mjomba akaitisha kikao, na mbele ya ukoo mzima akamwambia mama: "Wewe si mwenzetu. Mama yako aliletwa hapa wakati wa njaa, akabadilishwa kwa kapu la mtama. Ulikuwa unalima kwa hisani yetu."

Mama akamuuliza, "Kaka, hayo umeyatoa wapi?" Akajibiwa kwamba wazee wote wanajua. Wazee walitazama chini. Nilikuwepo, na kwa mazoea ya kazi niliandika kila neno.

Mama akahamia kwangu. Aliacha kula vizuri, akaacha kusalimiana na watu wa Matombo sokoni, na mwaka wa tatu akafariki. Tulipoomba azikwe kwao, mjomba alituma jibu kwamba makaburi ya ukoo ni ya wanaukoo. Tukamzika mjini, katikati ya watu asiowajua. Kutoka mlimani alikuja mtu mmoja tu, Skola, mtoto wa dada yake mjomba. Ndiye aliyekuwa akishuka kumwogesha mama wiki zake za mwisho. Mshikeni huyo, kwa sababu ndiye tatizo langu.

Baada ya msiba nilikwenda parokia moja ya huko mlimani ambako mwalimu mstaafu, karani wa ofisi, alikuwa ametengeneza faharasa ya vitabu vya zamani vya ubatizo: kadi kwa alfabeti, zenye namba ya kitabu na ukurasa. Nilitafuta siku mbili kwa majina ya kina babu. Sikupata kitu. Siku ya pili jioni yule mzee akacheka.

"Mwanangu, unamtafuta Mluguru kama unamtafuta Mchaga."

Akatoa sanduku la pili. Hilo alilipanga kwa majina ya kina mama na ukoo wao, kwa sababu ya ndoa: watu wa ukoo mmoja hawaoani, na wachumba walikuwa wakiletwa kwake kuhakikiwa. Robo saa haikuisha, kadi ikatupeleka kwenye kitabu chenyewe. Bibi Veronika alikuwa na mama aliyetajwa kwa jina, wa ukoo wetu. Mistari sita chini yake alikuwepo Agata. Karani alinitafsiria Kilatini mara mbili: mtoto wa kama miaka sita, wazazi hawajulikani, ameletwa wakati wa njaa.

Aliyeletwa alikuwa mama yake mjomba.

Karani akaniambia kadi ya Agata iliwahi kuombwa. "Kuna baba mmoja aliisoma, akaniuliza kama inaweza kutolewa sandukuni. Nikamwambia, hata ukiila, kitabu kipo." Akafungua daftari la wageni. Jina la mjomba, sahihi yake, na tarehe: wiki tatu kabla ya kikao.

Nilichukua nakala zenye mhuri, nikanyamaza. Nimekaa nazo zaidi ya miaka ishirini, na si kwa woga. Mama aliaibishwa mbele ya watu. Nami nilitaka watu.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Ana zaidi ya miaka themanini. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Wewe ndiye msomi wetu. Tuandikie historia ya ukoo, uje uisome kikaoni, watoto wajue walikotoka." Nikamwambia nitaandika kila kitu. Akanishukuru sana.

Kikao ni mwezi ujao. Watakuja wa Dar, wa Dakawa, wote. Siku hiyo anamkabidhi Skola lile shamba la mama. Historia nimeshaimaliza, kurasa nne. Ukurasa wa tatu una Veronika, Agata, na ile sahihi. Huwa nausoma kwa sauti nikiwa peke yangu, nikimwona mjomba anavyosikiliza.

Wiki iliyopita Skola alikuja na mkungu wa ndizi. Alipokuwa anaaga akasema, "Dada, bibi Agata mwandike vizuri. Sisi hatuna hata picha yake." Nikamjibu nitamwandika alivyokuwa. Akafurahi.

Nikiusoma ukurasa ule, Skola atatoka shambani kwa sheria ileile iliyomtoa mama, kwa maana yeye ni mjukuu wa Agata. Wapo kwenye ukoo wanaolitaka shamba hilo, na hawatasubiri kuambiwa mara mbili. Nikiuruka, mama yangu atabaki mtu wa kuja, safari hii kwa mwandiko wangu. Na mjomba moyo wake ni mbovu. Akifa kabla hajasomewa, atazikwa kwa heshima pale pale alipomkatalia mama.

Msinishauri nisamehe, hilo sikuuliza. Nataka alipe yeye, asilipe Skola, na njia hiyo sijaiona. Nishaurini, nifanye nini?