Minazi Elfu Moja Mia Moja Arobaini na Saba

Alfani, karani wa kamati ya ardhi, hakumwamkia shangazi yangu. Mwanamke wa umri wa mamake amesimama mbele ya meza yake pale Msambweni, mwaka wa pili wa uhuru, na shikamoo haikumtoka. Ninaanzia hapo kwa sababu mpaka leo jambo hilo linaniwasha.

Shangazi Mwanasha hakujua kusoma. Maisha yake yote yalikuwa minazi. Ardhi tuliyokaa ilikuwa ya tajiri mmoja wa Mombasa, lakini kwetu ardhi ina mwenyewe na mnazi una aliyeupanda. Uliojiotea tu ndio wa mwenye ardhi. Basi tajiri, alipotaka kutuhamisha bila kutulipa fidia ya minazi, akaiambia kamati kwamba yote imejiotea. Akisadikiwa, sisi tunaondoka mikono mitupu.

Kamati ilituma watu wakaihesabu: elfu moja mia moja arobaini na saba. Alfani mwenyewe hakutia mguu shambani. Alilimaliza shauri kwa kalamu.

"Minazi ya kupandwa hukaa kwa safu zilizo sawa," alisema. "Hesabu yako haigawiki, mama. Nimeijaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, nikaenda hadi ishirini na tisa. Kila mara kunabaki kitu. Hii imejiotea."

Shangazi alitoka. Nilimkasirikia hata yeye, nikidhani ameshindwa. Kumbe alikwenda kuchukua kamba mbili za makumbi ya nazi darini. Ndizo alizopandia bibi yangu: moja ya upana, moja ya urefu, kila fundo mahali pa shimo. Mnazi ukifa, shangazi alipanda mwingine palepale, kwa kamba ile ile.

Kesho yake akazibwaga juu ya makaratasi ya Alfani.

"Hesabu vifundo."

Alfani akahesabu, midomo ikimcheza. Kamba fupi, thelathini na moja. Kamba ndefu, thelathini na saba. Akashika kalamu, akazidisha, akafuta, akazidisha tena. Jasho likamtoka. Msomi mzima, alikuwa amechoka mlangoni! Angejaribu thelathini na moja tu, hesabu ingemfungukia.

"Inagawika," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaandika kwamba ni ya kupandwa. Tia kidole hapa, mama."

"Sitii," shangazi alisema. "Jana uliamini karatasi, leo unaamini kamba. Minazi yenyewe utaiamini lini? Inuka."

Akainuka. Jua la saa sita, viatu vyake vimepigwa rangi, tukampitisha safu moja baada ya nyingine, na mchanga ukiviingia. Mwisho wa kila safu shangazi alimsimamisha.

"Ngapi?"

"Thelathini na saba."

Mara thelathini na moja alimuuliza, na mara thelathini na moja alijibu. Kwenye safu ya mwisho sauti ilikuwa imemkauka.

"Thelathini na saba," alisema. Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Shangazi alitia kidole. Marahaba hakumpa.